Sikio Nyuma ya Gunia

Jamaldini alikuwa akilipwa kwa ajili ya masikio yake, na masikio yenyewe yalikuwa yamekufa, huu mwaka wa tatu.

Kazi yake katika duka la Mhindi Kasamali, hatua chache chini ya boma, ilikuwa kukagua fedha. Mtu akileta rupia au rial, Jamaldini aliishika kwa ncha za vidole, akaigonga juu ya jiwe jeusi la mlimani, akafumba macho, akangoja. Akisema "nzima," Kasamali aliipokea. Akisema "mbovu," mwenyewe aliirudisha kiunoni pamoja na aibu yake. Watu wa Lemara waliapa kwamba mzee yule alikuwa akisikia hata fedha iliyolala. Wapo waliosema kwamba siku moja, akiwa amekaa zake Ngarenaro, alisikia hela moja ikianguka Kikatiti, akaitaja na mwaka wake.

Kumbe aliyesikia alikuwa mkewe, Mwanahalima.

Chumba walichopewa na Kasamali kilikuwa nyuma ya duka, na kati ya chumba na duka lilining'inia gunia. Mwanahalima aliketi upande wa ndani akichagua mchele, mkononi ameshika uzi wa kushonea magunia. Uzi ulipita chini kwa chini hadi kwenye kidole gumba cha mguu wa mumewe, aliyekaa mkekani nyuma ya meza, hana viatu. Fedha ikilia vizuri, mke alivuta mara moja. Ikilia vibaya, mara mbili. Kule kufumba macho kwa Jamaldini, kulikosifiwa hadi Moshi, kulikuwa kungoja kidole kiitwe.

Hapo usicheke. Uzi ule ndio uliolisha watu watatu: wao wawili na mtoto wao Nusura, aliyekuwa hajaacha ziwa. Kwao Pangani walikwisha kusahauliwa. Kasamali angejua, wangelala nje siku hiyohiyo, na kabla ya kulala wangeulizwa habari ya kila fedha iliyopita juu ya jiwe lile kwa miaka mitatu.

Jumamosi ilikuwa siku ya Bwana Kioo. Huyu alikuwa Mdachi mwenye shamba chini ya Meru, na jina hilo alipewa kwa sababu ya kioo cha kukuzia vitu alichokivaa shingoni kama hirizi. Alinunua fedha za zamani. Inasemekana nyumbani kwake kulikuwa na kabati lenye droo arobaini, na kila fedha ililala peke yake juu ya kitambaa chekundu kama mwali. Watu hawakumwelewa. Mtu ana fedha zote hizo na hanunui hata mbuzi! Lakini kwa rial nzuri alikuwa akitoa rupia nne, tano, na hilo walilielewa vizuri sana.

Mwezi uliopita mtu mmoja huko Moshi alimuuzia rial ya risasi iliyopakwa fedha juu. Tangu hapo Bwana Kioo alikuwa na kidonda. Aliapa mbele ya duka zima kwamba atakayemletea nyingine ya namna ile atampeleka bomani kwa mkono wake, na kifungo chake cha mnyororo kitakuwa cha miezi sita.

Ndipo Jumamosi hiyo akaja Lemayian.

Alikuwa mkulima wa mlimani, mrefu, mpole, mwenye kusimama kama aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha. Alifungua pindo la shuka akatoa rial moja iliyong'aa mpaka ikaumiza macho.

"Ya mama wa mke wangu," akasema. "Mimi nataka rupia tatu tu, za kodi ya nyumba. Ikizidi, bwana akae nayo."

Bwana Kioo akainama na kioo chake. Rial ya kweli ina sura ya yule bibi mnene wa Ulaya, na kwenye kifungo cha begani pake pana lulu tisa. Waarabu huzihesabu kabla ya kusalimiana. Akahesabu. Hakupata hata moja. Bibi mwenyewe alikuwa kama mtu aliyetazamwa ndani ya maji ya ukoga: pua hakuna, kifua kimelala. Ikapimwa kwenye mizani, ikaonekana nyepesi. Jicho lilikuwa limeshindwa, mizani imetia shaka, sasa lilibaki sikio.

"Mzee, gonga," akasema Bwana Kioo, akionyesha kwa kidole.

Jamaldini akagonga.

Nyuma ya gunia Mwanahalima aliacha mchele. Fedha ile ililia kwa muda mrefu, nyembamba na safi, sauti ya kijito kinachopita juu ya changarawe, ikaisha polepole pasipo mkwaruzo. Alikuwa hajasikia nzuri kama ile tangu Pangani. Akavuta mara moja, kwa furaha.

Sasa, ndani ya chumba mlikuwa na kuku mtetea aliyekuwa akizunguka tangu asubuhi akitafuta pa kutagia. Akapita, uzi ukamnasa mguuni, akashtuka, akaupiga teke.

Jamaldini akahesabu mbili. Akafumbua macho.

"Mbovu," akasema.

Mwanahalima aliruka akamshika kuku, akavuta uzi tena, mara moja, kwa nguvu, kisha mara moja tena. Kule dukani Jamaldini alikunja kidole tu, kama mtu anayefukuza nzi. Neno lilikwisha kutoka, na Bwana Kioo alikwisha kumkamata Lemayian shingoni.

"Mwizi! Mwizi kama yule wa Moshi!"

"Bwana, ni ya mama—"

"Leo boma imefunga. Jumatatu. Kasamali, ghala!"

Kwa hiyo wakamtia Lemayian katika ghala la ngozi, wakapiga kufuli. Mwanahalima alikuwa amesimama nyuma ya gunia, kuku kwapani, mdomo wazi. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Alimtazama mumewe kupitia tundu la gunia: amekaa wima, kofia imenyooka, watu wanamwangalia kwa heshima. Akalimeza.

*

Ukuta wa ghala ndio uliokuwa ukuta wa chumba chao. Mwanahalima alisikia kila kitu: kikohozi, nyayo, ngozi zikiburutwa. Kasamali hakupenda mtu akae bure kwake, hata mfungwa.

"Kwa kuwa umo humo," alimwambia Lemayian kupitia mlango, "zigeuze hizo ngozi. Upande wa manyoya chini. Na usizikanyage, mali ya watu."

Jumapili asubuhi akaja mke wa Lemayian, Soila, na kibuyu cha maziwa. Kasamali alimruhusu aketi uani, si mlangoni pa ghala, ila mbali kidogo, karibu na mafiga ya Mwanahalima.

"Takwenya," Mwanahalima alimsalimu. Kimasai chake kilikuwa cha sokoni.

"Iko," akaitika Soila. Akamtazama. "Wewe ndiye mke wa mzee wa masikio?"

"Ndiye mimi."

"Basi Mungu amekupa. Wangu hasikii hata ng'ombe akiingia shambani mpaka nimpige ngumi."

Mwanahalima hakujua atazame wapi. Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Mzee ameamkaje?"

"Mzima."

"Amelala vizuri?"

"Amelala."

"Mwambie sina kinyongo naye. Amesema alichosikia." Soila aliweka kibuyu chini. "Kosa ni langu, mama. Mama yangu alikuwa akiisugua fedha ile kila mwaka kwa majivu na mafuta ya kondoo. Alisema fedha ni kama mtoto, usipomwogesha anakuwa mjinga. Akafa, nikaendelea. Na juzi, Ijumaa, niliposikia inakwenda kwa Mzungu, nikasema isiende na uchafu wa kwetu, watatucheka. Nikaisugua tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi. Nikatia na mchanga wa mtoni. Niliona yule mwanamke anafifia, nikadhani ni uchafu unatoka."

Akatazama mlango wa ghala.

"Nimeimaliza sauti kwa majivu," akasema. "Siku zote ilikuwa inaimba. Mama alikuwa anaigonga kwenye bangili, sisi watoto tunacheka. Mimi nimemfunga mume wangu."

"Hukumfunga wewe," Mwanahalima akasema, haraka mno.

"Nani basi?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Mlango wa uani ulikuwa wazi, jua limepanda, hapakuwa na mtu ila wao wawili. Mwanahalima alifungua mdomo. Kutoka dukani akasikia Kasamali akimcheka Jamaldini kwa jambo fulani, na Jamaldini akicheka naye, kicheko cha mtu asiyejua kinachochekwa.

"Majivu hayaondoi sauti," akasema. "Yanaondoa sura tu."

"Unajuaje?"

"Nasikia wanavyosema."

Soila alimtazama sana. Kisha akammiminia maziwa kwenye kikombe, bila kuulizwa, akampa kwa mikono miwili. "Kunywa, mtoto apate ziwa. Halafu mwambie mzee aisikilize mara ya pili. Labda jana kulikuwa na kelele."

Mwanahalima aliyanywa yale maziwa. Hata kuyakataa asingeweza, maana angeulizwa sababu. Alikuwa hajapata kunywa kitu kigumu kama kile.

*

Kugombana na kiziwi kwa siri ni kazi. Ukisema polepole hasikii, ukipaza sauti wanasikia wengine, na mwenyewe akijibu hajui kwamba anapiga mayowe. Jioni ile Mwanahalima alimkalisha mumewe mbele ya taa, akasema kwa midomo mitupu bila sauti, mikono ikifanya sehemu iliyobaki.

Nzima. Ilikuwa nzima. Kuku.

"Kuku gani?" Jamaldini akanguruma.

Mwanahalima alishusha viganja, chini, chini. Upande wa pili wa ukuta kikohozi kilikatika, kama mtu aliyetega sikio.

Akaonyesha uzi. Akaonyesha kuku. Akapiga teke hewani. Jamaldini alitazama mchezo ule mpaka mwisho, na alipouelewa sura yake ilichoka ghafla, ikawa ya mzee kweli.

"Ulivuta mbili," akasema, safari hii kwa mnong'ono aliobahatika kuupata.

Moja. Kuku moja.

"Nikikiri nilikosea jana, wataniuliza juzi. Nikikiri juzi, wataniuliza mwaka jana. Mama Nusura, mimi siogopi viboko. Ishirini na tano, watu wanavipata na wanaishi. Naogopa siku ya pili yake. Nani humpa kazi mkagua fedha kiziwi?"

Na yeye? Mwanahalima akaonyesha ukuta.

"Yeye ana mlima. Ana ng'ombe wawili, ana migomba. Miezi sita itakwisha, atarudi kwake. Sisi tunarudi wapi?"

Hilo lilikuwa kweli, na ubaya wake ulikuwa huohuo. Kwa desturi ugomvi una upande wenye haki. Huu ulikuwa na haki pande zote mbili, na ukuta wa udongo katikati.

Watu wa mnyororo wanakufa, akasema kwa midomo. Wengine hawarudi.

Jamaldini aligeuza uso kwenye kivuli asisome tena. Hiyo ndiyo faida ya ukiziwi. Mtu akitaka kumaliza mazungumzo anatazama pengine.

*

Jumatatu Bwana Kioo alikuja juu ya nyumbu wake. Lemayian alitolewa, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, ananuka ngozi mbichi hata wateja wakampisha. Soila alisimama nje ya mlango na kibuyu kitupu. Fedha yenyewe ilikuwa mezani, ushahidi.

"Twende," akasema Bwana Kioo.

Gunia likafunguka. Mwanahalima akatoka akiwa na leso kichwani na mtoto mgongoni, akasimama katikati ya duka, mahali ambapo hakuwahi kusimama hata siku moja wateja wakiwamo.

"Bwana, fedha ile ni nzima."

"Mama Nusura," Kasamali akasema taratibu, "rudi ndani."

"Nzima, bwana. Niliisikia. Mume wangu hasikii, huu mwaka wa tatu. Anayesikia ni mimi."

Duka zima likamgeukia Jamaldini. Naye, alipoona macho yote yako kwake, akauliza kwa sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto:

"AMESEMAJE?"

Ushahidi mwingine haukuhitajika. Mtu mmoja alianza kucheka, wakafuata wengine, na Kasamali akashika kichwa kwa mikono miwili kana kwamba miaka mitatu ya rupia inamwangukia kutoka darini. Jamaldini aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akamwona mkewe alivyosimama, akaelewa, akainamisha kofia.

Bwana Kioo peke yake hakucheka. Alikuwa mtu wa kupenda kujaribu vitu.

"Wewe mwanamke geuka. Tazama ukuta."

Akagonga.

"Rupia ya Mdachi," akasema Mwanahalima, uso ukutani.

Akagonga.

"Rupia ya Hindi, ya Malkia. Imechakaa."

Akagonga.

"Rial. Ina ufa."

Waliinama kuitazama. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Bwana Kioo akaichukua ile ya Lemayian, akaigonga kwa mkono wake, ikaimba duka zima, na sasa kwa kuwa wameambiwa, kila mtu aliisikia.

"Ndiyo hiyo," akasema Mwanahalima. "Hakuna iliyo nzima kuliko hiyo."

Soila, kule mlangoni, aliziba uso kwa shuka.

Ingeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri. Lakini Bwana Kioo alikuwa amenogewa. Akafungua vifungo vya koti, akatoa kifuko kidogo cha ngozi laini, na ndani yake, katika kitambaa chekundu, rial moja. Alivyoishika, ungedhani ni yai lenye kifaranga. Alieleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba hii ndiyo mama wa zote, kongwe kabisa, Ulaya nzima zipo tatu, na kwamba aliuza ng'ombe kumi na wawili kuinunua. Hailali kabatini, hulala kifuani pake.

"Sasa hii," akasema. "Mwisho. Sema hii, mtu wako huru."

Akagonga.

Ti.

Mwanahalima alingoja sauti ifuate. Haikufuata. Ti, kavu, kama kifuniko cha sufuria. Risasi na bati, na fedha juu nyembamba kama utando wa maziwa. Hata yule wa Moshi alifanya kazi bora kuliko hii.

Alibaki anatazama ukuta. Palikuwa na mchwa mmoja anapanda, akamfuata kwa macho. Alitoka nyuma ya gunia ili aseme kweli mara moja maishani, na kweli ya kwanza ilikuwa imepita vizuri. Ya pili ilimsubiri mgongoni. Akiisema, Mdachi huyu aliyeuza ng'ombe kumi na wawili ataaibika mbele ya Wahindi na wakulima, na Mzungu akiaibika mbele ya watu, watu ndio wanaolipa. Lemayian atakwenda mnyororoni hivyohivyo, na wao nyuma yake.

"Vipi?" akauliza Bwana Kioo, kwa sauti ya baba anayeuliza kama mtoto wake ni mzuri.

"Nzima, bwana," akasema Mwanahalima. "Sijapata kusikia nyingine kama hii."

Bwana Kioo akacheka kwa furaha hadi kioo kikarukaruka kifuani. Na kwa ukarimu wa mtu aliyefurahi, akamgeukia Jamaldini aliyekaa ameinama, akamtia ile fedha mkononi. "Mzee, masikio kwisha, lakini vidole iko! Shika. Shika uone kitu!"

Mwanahalima aligeuka. Alikuwa amemsahau.

Fedha ya kweli ukiishika inapata joto la mkono papo hapo. Jamaldini alifumba kiganja, akangoja, ikabaki baridi, na mkewe aliona nyusi zake zikipanda. Alikuwa mkagua fedha tangu ujana wake. Walimvua kila kitu asubuhi ile, na sasa wamemwekea mkononi nafasi ya kuonyesha kwamba bado ni fundi. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo. Kisha, kwa mazoea tu, akamtazama mkewe.

Nzima, ilisema midomo ya Mwanahalima. Baba Nusura. Nzima.

Jamaldini aliitazama ile midomo muda mrefu.

"Nzima," akasema. Na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakupiga kelele.

Lemayian akafunguliwa. Bwana Kioo aliichukua tena ile fedha ya Lemayian, akaitupia jicho, akaisukuma mezani. "Hii kweli nzima, lakini sura kwisha. Kabatini kwangu haiingii. Mimi sitaki." Kasamali akasema yeye angeweza kuichukua kwa uzito, rupia moja. Lemayian aliifunga tena kwenye pindo la shuka. Kodi ilikuwa bado rupia tatu.

Mlangoni akasimama mbele ya Mwanahalima. Kamba ilikuwa imemwachia alama mikononi.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumamosi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu. "Ngozi mia moja na sita," akasema. "Nilizigeuza zote." Akaondoka. Soila alimfuata bila kuangalia nyuma, na kile kikombe cha maziwa hakikutajwa.

*

Kasamali hakuwafukuza. Alikaa siku mbili anapiga hesabu, akaona kwamba mkagua fedha mwenye sikio kama lile hapatikani hadi Mombasa, na kwamba mwanamke hali sana. Mwanahalima akapewa kazi, nusu ya mshahara. Jamaldini aliachiwa kugonga, bure, kwa sababu haikupendeza mwanamke kukaa mbele ya wateja. Gunia likabaki palepale, isipokuwa sasa wote walijua kwa nini lipo.

Na Bwana Kioo alitoa amri yake, kama zawadi. Kwa kuwa mama huyu amesema hajapata kusikia fedha nyingine kama ile ya kifuani, basi hiyo ndiyo iwe kipimo. Kila Jumamosi ataileta. Kila rial itakayoletwa itagongwa baada yake, na zikitofautiana sauti, mwenye nayo ni mwizi.

Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Ya pili yake alikuja bibi kizee kutoka Kikatiti, akaeleza kwa sauti ya kuombea radhi kwamba mwanawe amekamatwa kwa kodi, akafungua kitambaa. Ilikuwa rial nzuri ajabu, na Bwana Kioo alizipata lulu zote tisa.

"Gonga," akasema. "Kwanza yangu, halafu yake."

Nyuma ya gunia, Mwanahalima alishika ukuta. Itakuwa ti, na kisha ule wimbo mrefu; hata mbuzi angejua kwamba si ndugu. Bwana Kioo mwenyewe angesikia. Angegeuka amtazame yule bibi kizee, maana asingefikiri kuitazama ya kwake.

Tok, ikalia ya kwanza.

Tok, ikalia ya pili.

Mwanahalima akachungulia kwenye tundu la gunia. Jamaldini alikuwa amekaa wima, macho amefumba kama zamani, uso umejaa utulivu wa fundi. Fedha ya bibi kizee ilikuwa imesimama juu ya jiwe, na ukingoni mwake, mahali ambapo mgeni asingepaangalia, kidole gumba cha mzee, kilichokwisha kuiziba na ile ya kwanza, kilikuwa kimelala juu yake kama mama anayemziba mtoto mdomo, wakati watu wabaya wanapita njiani.

"Sauti moja?" akauliza Bwana Kioo.

"Sauti moja, bwana," akajibu Mwanahalima.

Bibi kizee akahesabiwa rupia zake, akabariki duka lote, akaondoka mbio kuelekea bomani. Nyuma yake alikuwa anangoja mtu mwingine, kijana wa macho mepesi, na rial yake ilikuwa mpya kupita kiasi. Jamaldini akaisimamisha juu ya jiwe, akakilaza kidole.

Tok.

Mwanahalima aliinamia gunia, akatega sikio lile lililosifiwa hadi Moshi. Hakusikia kitu.

"Vipi, mama?"

"Nzima," akasema.

"Na hii?"

"Nzima, bwana. Nzima."